"Turkana kutanyesha." Turkana gani?

Wasee, simu ikiniambia Turkana kutanyesha huwa nacheka. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120! Wiki jana binamu yangu wa Kakuma alinitumia video, mvua inapiga mabati mpaka yeye hasikiki. Mimi hapa Lodwar nakula vumbi tu.

Na usiamini anga iliyo juu yako pekee. Laga ya Tarach inayopita Kakuma hutoka milima ya upande wa Uganda, so maji yanaweza kukufikia jua likiwaka. Utabiri utaje laga, si kaunti nzima.

Wewe wa boda, ukiona mawingu meusi kule milimani, usivuke hata kama mchanga ni mkavu. Abiria atanung'unika. Mwache anung'unike.