Meno meupe ndiyo, lakini munganga kwanza

Wandugu wa mashimo na familia zetu, tuzungumze juu ya zile bandi za kubandika kwenye meno ili yang'ae. Tunaelewa sababu: kahawa, tumbaku na makasu zinaacha rangi.

Dawa iliyo ndani ni peroksidi. Inapenya jino na kuvunja ile rangi. Lakini kama jino liko na tundu, ao fizi zimevimba, maumivu yake si ya kuchezea. Na jino la bandia halibadiliki hata kidogo.

Ulaya, tangu 2012, dawa ya kung'arisha yenye kupita asilimia 0,1 ya peroksidi inapitia kwanza kwa munganga wa meno, na mwisho ni asilimia 6. Mtoto chini ya miaka 18 hapewi. Basi sisi huku Kisangani, karatasi isipoonyesha asilimia, tuache kununua.

Mwenye kutumia afuate dakika zilizoandikwa, asilale nayo. Meno yakianza kuuma, asimame siku chache. Mwenye mimba angoje.

Lakini dai letu ni hili: Code du travail ya 2002 inamlazimisha mwajiri kugharamia matunzo ya meno ya mfanyakazi na familia yake. Mwenye kontra asitangulize mfuko wake. Adai munganga kwanza. Na wachimbaji wasio na kontra, tuombe koperative ziweke kasha ya matibabu. Jino lililooza, hata likiwa jeupe, mwisho wake ni kung'olewa.