NYUMBANI MWETU: Kambale Asiyeingia Sufuriani

Likitajwa neno kambale mbele ya mtu wa Kampala, fikira zake huenda moja kwa moja jikoni. Atamkumbuka male wa vidimbwi, mweusi mwenye ndevu, au semutundu aliyekaushwa kwa moshi. Leo nataka kusema juu ya kambale asiyefaa kwa mchuzi hata kidogo, kwani hata akikomaa hazidi sentimeta saba. Huyu huwekwa ndani ya tangi la kioo sebuleni, akatazamwa. Jina lake ni koridora, na asili yake ni mito na vijito vya Amerika ya Kusini. Aina zake ni nyingi sana, lakini anayemfaa mwenye kuanza ni koridora wa shaba, aitwaye hivyo kwa sababu ya rangi ya ubavu wake.

Nimemchagua yeye kwa sababu anakubaliana na nyumba zetu. Sisi tukaao Kasubi na vilima vya jirani tuna hali ya hewa isiyo na joto kali wala baridi kali, na maji yaliyokaa ndani ya nyumba huwa na joto la kadiri ya digrii 22 hadi 25. Hayo ndiyo anayoyataka, bila haja ya chombo cha kupashia moto. Maji ya bomba ya Kampala hutoka ziwa Victoria, nayo ni laini, hayana chokaa nyingi. Hilo nalo linampendeza. Tena kuna jambo la umeme. Umeme ukikatika usiku, pampu ya hewa husimama, na samaki wengi wa mapambo huanza kutweta. Koridora hupanda juu kama mshale, akameza funda la hewa, kisha akashuka; utumbo wake huivuta hewa ile kama pafu. Basi watoto wasishtuke wakimwona akipanda mara moja moja. Lakini wakipanda wote, tena mfululizo, jua ya kuwa maji yamechafuka.

Tangi la urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30 hubeba lita zipatazo 50 za maji. Kila lita ni kilo moja, na bado hujahesabu kioo na mchanga. Kwa hiyo usiliweke juu ya kimeza cha redio. Chini tandika mchanga mwembamba. Ule wa ziwa unaouzwa kwa kupigia plasta unafaa, ukioshwa mara nyingi hata maji yatoke meupe. Kokoto zenye ncha ni adui wa koridora, kwa maana yeye hutafuta chakula kwa kupekua chini kwa ndevu zake, na ndevu zikichubuka huoza. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi mchana kutwa na usiku kucha ili dawa ya klorini itoke.

Hapa wengi wanakosa subira. Mtu hununua tangi Jumamosi asubuhi, na jioni yake ameshatia samaki kumi. Ikifika Alhamisi, anawazika. Si kwamba samaki walikuwa wagonjwa. Kinyesi chao hutoa amonia, ambayo ni sumu, na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ambao huigeuza sumu hiyo huchukua muda wa wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha ndani ya chujio na mchanga. Anza na samaki wachache, walishe kidogo, na kila wiki badilisha robo ya maji. Chujio la sifongo livutwalo na pampu ya hewa latosha. Sifongo hiyo ioshwe ndani ya maji ya tangi lenyewe, kamwe si chini ya bomba, usije ukawaua wale viumbe kwa klorini.

Katika kuzalisha, chukua kundi la samaki sita, madume yakizidi majike. Ukiwatazama kutoka juu utawatambua: jike ni mpana kiunoni, dume ni mwembamba na mdogo. Walishe vizuri kwa wiki mbili, hasa chakula chenye uhai, kama vile vipande vya nyungunyungu vilivyokatwa vidogo sana. Viluwiluwi vya mbu ni chakula bora kupita vyote, lakini naomba mama mwenye nyumba asikubali kamwe ndoo ya kufugia viluwiluwi uani. Vikomavu vitatu tu vikiponyoka, malaria imekaribishwa nyumbani kwa ajili ya samaki.

Kule kwao koridora hutaga mvua zinapokuja. Kazi yako ni kumdanganya kwa heshima. Siku ambayo mawingu yamejikusanya, toa theluthi ya maji na utie mengine yaliyo baridi zaidi kwa digrii tatu hivi, ukiyamimina polepole. Mara nyingi, asubuhi ya pili utaona madume yakimfuata jike huku na huku. Kisha jike huweka kinywa chake ubavuni mwa dume, akanywa mbegu, nazo hupita tumboni upesi na kutokea palipo na mayai machache aliyoyashika kwa mapezi ya chini kama mtu aliyekunja viganja. Jambo hili lilionekana kuwa hadithi, hata wataalamu wa Kijapani walipolieleza kwa majaribio mwaka 1995. Jike huondoka na mayai yake, akachagua mahali safi kwenye kioo, akayabandika. Hurudia hivyo kwa saa kadhaa, na mwisho mayai huweza kufika mia moja na zaidi.

Wazazi hawa hawana haya: wakimaliza kutaga huanza kula mayai yao. Ndiyo maana uyahamishe siku ile ile. Yanata sana, lakini yakipata saa chache huwa magumu kidogo, na waweza kuyaviringisha kwa ncha ya kidole yakaachana na kioo. Yatie katika chombo chenye maji ya tangi lile lile, yenye hewa inayopigwa taratibu. Kila siku toa yai lililogeuka jeupe kama pamba, kwani hilo limekufa na ukungu wake utayashika ya jirani. Jani kavu la mkungu likilowekwa humo hutoa rangi ya chai na kupunguza ukungu.

Baada ya siku tatu hadi tano watoto hutoka, na kwa siku mbili hivi hula kiini walichozaliwa nacho. Kisha mtihani unaanza. Kilicho bora ni vidudu vya artemia, ambavyo mayai yake makavu huuzwa kwa makopo na hutotoa katika maji ya chumvi kwa muda wa siku moja au moja na nusu. Asiyevipata atumie kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kiasi cha kichwa cha kiberiti, kilichokamuliwa kupitia kitambaa. Ni chakula chema kinachochafua maji upesi mno. Kila jioni vuta mabaki ya chini kwa mpira mwembamba. Watoto wengi hufa kwa uchafu kuliko kwa njaa.

Msomaji mzalendo ataniuliza, kwa nini tusimfuge nkolongo wetu? Anafugika vizuri, lakini kumzalisha ndani ya tangi ni kazi ngumu. Jamaa yake mmoja wa ziwa Tanganyika, gogogo mwenye madoa, huzaa kwa namna ya ajabu. Mwaka 1986 mtaalamu Tetsu Sato alieleza jinsi gogogo huyo anavyoyapenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaoatamia kinywani. Mama yule huyaokota yote pamoja. Watoto wa gogogo hutangulia kuanguliwa, wakawala watoto wa mwenye nyumba humo humo kinywani. Mwenye kutaka kumzalisha itambidi afuge na samaki wa kudanganywa, tena maji yake yatiwe chokaa. Huyo tumwachie mwenye uzoefu.

Neno moja la ukali. Samaki wakizidi, au askari akipewa uhamisho ghafla, wako wanaobeba ndoo hadi mferejini na kumwaga, wakidhani wametenda huruma. Mifereji ya upande wetu huingia kinamasi cha Lubigi, na kutoka hapo maji huelekea mto Mayanja. Gugu maji nalo lilikuwa ua la kupamba madimbwi, kutoka Amerika ya Kusini vile vile. Mwaka 1989 lilikuwa limekwisha kuonekana katika ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 lilifunga magati na kuwanyima wavuvi njia. Mputa naye alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi za nkejje zilikuwa zimetoweka. Kweli mputa ameleta fedha. Lakini nkejje waliokwisha hawarudishwi na fedha hizo. Samaki wa tangi na aende tangi jingine: kwa jirani, au katika shule yenye mwalimu anayependa sayansi.

Kuwasafirisha ni rahisi. Siku moja kabla, usiwalishe. Tumia mfuko wa plastiki mzito, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, ufungwe kwa mpira na kuwekwa ndani ya sanduku lenye giza. Mfuko uwe wa safu mbili, kwa maana koridora ana miiba mikali mgongoni na ubavuni, nayo hutoboa. Ni miiba hiyo hiyo inayomnasa katika wavu, hivyo mteke kwa kikombe. Mkifika, mfuko uelee juu ya maji mapya kwa dakika 20, kisha ongeza maji ya tangi humo kidogo kidogo kabla ya kuwaachia, na taa izimwe hadi kesho yake.