Mkopo una siku ya mwisho, hisa haina



Mwezi wa Julai 2023 habari ilitangazwa kwamba kampuni ya Nuru, inayotoa umeme wa jua kule Goma, imepata zaidi ya dola milioni 40 kutoka kwa wenye mitaji. Ilisemwa kwamba feza hiyo ni ya kujenga vituo vya umeme katika miji mitatu: Goma, Kindu na Bunia yetu. Mama akisikia habari kama hiyo anajiuliza: hiyo ni msaada ao ni deni? Nani anaweka milioni 40 katika nchi yenye vita, na anangojea nini?

Si msaada, wala si deni. Ni mtu kununua sehemu ya nyumba yako akiwa na wewe ndani. Juma hili tunaeleza jambo hilo, kwa sababu siku hizi neno "mwekezaji" linasikika hata katika vikundi vyetu, na watoto wetu wanaotoka chuoni wanalizungumza kila siku.

Tuanze na kile tunachokijua. Katika AVEC kila mama ananunua sehemu zake siku ya mkutano, moja mpaka tano. Sanduku lina funguo tatu. Mwenye shida anakopa, anarudisha na faida kidogo, na mwisho wa mwaka tunagawanya. Njia hiyo ilianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na imefika mpaka kwetu kwa sababu ni ya wazi: feza ni ya wamama wenyewe, na anayekopa anajua siku ya kurudisha. Akiisha kulipa, hakuna anayemdai kitu.

Mwenye mtaji wa hisa hafanyi hivyo. Anatoa feza, hakupi siku ya kurudisha, hakuombi faida ya kila mwezi. Biashara ikianguka, amepoteza pamoja na wewe. Lakini biashara ikisimama, yeye ni mwenye nyumba pamoja na wewe, mwaka huu na miaka inayofuata.

Tuangalie Nuru ilivyopanda. Zamani umeme wa nchi yetu ulikuwa kazi ya SNEL. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ikafungua mlango kwa kampuni nyingine. Mwaka 2015 Archip Lobo, Mkongomani, na Jonathan Shaw, Mwamerika, wakaanzisha kampuni yao Kivu. Hawakuanza na milioni 40. Mwaka 2017 walijenga kituo kidogo cha umeme wa jua Beni. Mwanzo wa 2020 wakafungua kingine Goma, cha megawati 1.3. Kwa hiyo walipoomba feza kubwa mwaka 2023, walikuwa na taa zinazowaka, wateja wanaolipa, na vitabu vya hesabu vya miaka kadhaa. Kati ya walioingia walikuwa IFC, ambayo ni mkono wa Benki ya Dunia, Proparco ya Ufaransa, na E3 Capital ya Nairobi.

Watu wa kazi hiyo wanaita kila ngazi "mzunguko". Kwanza ni feza yako mwenyewe na ya jamaa. Kisha mzunguko wa mbegu, wa kujaribu kama watu watanunua. Kisha mzunguko A, wa kukuza kile kilichokwisha kupata wateja. Kisha B, wa kwenda miji mingine, na kuendelea. Ile ya Nuru ya 2023 ilikuwa mzunguko B. Katika kila ngazi mwenye mtaji anakagua vitabu kwa miezi, anauliza wateja, anaangalia karatasi za serikali, ndipo anaweka mkono.

Sasa hesabu. Tuseme wamama watatu wana mashini ya kusaga, wanauza unga wa mihogo katika mifuko. Wanakubaliana na mwenye mtaji kwamba biashara yao ina thamani ya dola 60,000. Yeye analeta 20,000. Sasa biashara yote ni 80,000, na yeye ana robo, yaani 25 kwa mia. Wamama wamebaki na 75.

Miaka miwili inapita, kazi inakwenda vizuri, biashara inahesabiwa 200,000. Mwingine analeta 50,000. Jumla ni 250,000, naye ana 20 kwa mia. Sehemu ya kila mtu wa zamani inapunguka: wamama sasa wana 60. Mzunguko wa tatu, biashara ni 300,000, mtu analeta 150,000. Anachukua theluthi moja. Wamama wamebaki na 40 kwa mia.

Angalieni pande zote mbili. Upande mmoja, wamepata: 40 kwa mia ya 450,000 ni dola 180,000, na mwanzo walikuwa na 60,000. Upande mwingine, hawana tena nusu. Wale wengine watatu wakipatana, wanaweza kuwashinda kwa kura: kubadilisha mkubwa wa kazi, kuhamisha mashini, ao kuuza biashara.

Kuna jambo lingine, nalo mara nyingi linaandikwa katika kurasa za nyuma za mapatano: haki ya kulipwa kwanza. Wenye mitaji wetu watatu waliweka 20,000, 50,000 na 150,000, jumla 220,000. Kama mapatano yanasema wao wanarudishiwa feza yao kwanza, na biashara ikauzwa kwa 220,000, wao wanachukua yote. Wamama walioanza wanarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama karatasi inasema wana 40 kwa mia. Hakuna wizi hapo, kwa kuwa ndivyo walivyotia sahihi.

Kwa nini wenye mitaji wanakuwa wakali hivyo? Kwa sababu wanajua kwamba nyingi za biashara wanazoziingia zitaanguka. Kazi hii katika namna ya leo ilianza Marekani mwaka 1946, wakati Georges Doriot, aliyezaliwa Ufaransa, alipofungua na wenzake kampuni ya mitaji mjini Boston. Mwaka 1957 waliweka dola 70,000 katika kampuni changa ya kompyuta, Digital Equipment Corporation, wakachukua sehemu kubwa ya hisa zake. Hisa hizo zikafika kuwa na thamani ya mamilioni mengi. Biashara moja kama hiyo inafunika hasara ya nyingine nyingi. Tangu wakati ule kila mwenye mtaji anatafuta hiyo moja, na anasukuma kila biashara ikimbie kama hiyo moja.

Tena feza si yake yote. Yeye ameikusanya kwa wengine: mifuko ya pensheni, matajiri, serikali. Kwa kawaida ameahidi kuirudisha pamoja na faida ndani ya miaka kumi hivi. Kwa hiyo siku anapoingia anafikiri tayari namna ya kutoka: biashara iuzwe kwa kampuni kubwa, ao hisa zake zinunuliwe na mwingine. Mama anayetaka mashini yake imsomeshe mjukuu, na mwenye mtaji anayetaka kutoka baada ya miaka saba, hawasafiri safari moja, hata kama wamepanda gari moja.

Na feza nyingi hailindi. Kule Kenya kampuni ya Copia ilianzishwa mwaka 2013. Ilikuwa inapelekea watu wa vijijini vitu vya nyumbani kupitia maduka madogo. Ilipokea zaidi ya dola milioni 100 za wenye mitaji. Mwezi wa Mei 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa kampuni zilizoshindwa kulipa, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Wazo lake lilikuwa zuri, lakini ilikimbia kwa gharama kubwa kuliko faida, na feza mpya haikuja tena.

Kwetu Ituri kuna ugumu zaidi. Katika Afrika sehemu kubwa ya mitaji hii inakwenda Nigeria, Kenya, Misri na Afrika ya Kusini, na kampuni zilizoanzishwa na wanawake peke yao zinapata kidogo sana. Mtu aliye mbali akisikia "Bunia" anasikia hali ya kuzingirwa iliyotangazwa Mei 2021, anasikia barabara zisizo na usalama. Goma yenyewe, mahali Nuru ilipojenga kituo chake kikubwa cha kwanza, iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025. Ndiyo sababu walioingia Nuru si wafanyabiashara tu. Wengi ni mashirika ya maendeleo yanayoweza kungojea. Na anayekubali kuja mahali pa hatari anaomba sehemu kubwa kwa feza kidogo. Mama asiyejua bei ya kitu chake atauza nusu ya kazi ya miaka kumi kwa bei ya pikipiki mbili.

Kuna vilevile wale ambao si wenye mitaji kabisa. Wamama wakubwa kati yetu wanakumbuka jina la Bindo. Kule Kinshasa, mwaka 1991, watu walipeleka feza yao wakiahidiwa kurudishiwa mara nyingi zaidi, na mchezo ukaanguka pamoja na akiba zao. Mwenye mtaji wa kweli anakuletea feza. Hakuombi ya kwako. Mtu akisema "mwekezaji anakuja, lakini kwanza kikundi kilipe dola mia za kufungua dosie", mwonyesheni mlango.

Sasa tunasema wazi maoni yetu. Sanduku la AVEC lisiingie katika biashara ya namna hii. Feza ya sanduku ni ya dawa, ya minerval, ya mbegu. Lazima irudi kwa tarehe. Mtaji wa hisa ni feza ambayo mwenyewe amekubali inaweza kupotea yote. Mtoto wako akija na wazo lake la programu ya simu, msaidie kwa kile wewe mwenyewe unaweza kupoteza bila watoto kulala njaa. Usimpelekee cha wenzako.

Tena, kikundi cha akiba hakiwezi kuuza hisa kwa mtu wa nje, kwa kuwa si kampuni. Anayetaka njia hiyo aandikishe kampuni kwenye Guichet Unique, apate namba ya RCCM, na atenganishe feza ya kazi na feza ya jikoni. Kooperative nayo ni kitu kingine: kule mwanachama mmoja ana kura moja, hata akiweka feza nyingi. Kwa vikundi vingi vyetu kooperative ao mkopo mdogo unatosha, na nyumba inabaki yenu.

Lakini kama mtu wa kweli anakuja, na biashara yenu inahitaji kukua kweli, msimfukuze. Muulizeni haya, na majibu yaandikwe katika lugha mnayoisoma:

1. Feza hii ni msaada, mkopo ao hisa?
2. Umehesabu biashara yetu kuwa na thamani gani kabla ya feza yako kuingia, na umehesabu namna gani?
3. Mambo gani hatutaweza kuamua bila kura yako?
4. Biashara ikiuzwa ao ikianguka, nani analipwa kwanza?
5. Unataka kutoka mwaka gani, na kwa njia gani?
6. Mtu mwingine akileta feza baadaye, sisi tutabaki na ngapi kwa mia?

Msitie sahihi siku ileile. Pelekeni karatasi kwa mtu anayejua sheria, asiyelipwa na yule mgeni. Mgeni akikasirika kwa sababu mmeomba majuma mawili ya kusoma, mfikirie atakuwa namna gani akiisha kuwa na kura katika nyumba yenu.

Katika mkutano wa juma hili tunaomba kila kikundi kifanye zoezi moja dogo. Chukueni biashara ya mama mmoja anayekubali: andikeni vyombo vyake, madeni yake, na faida ya miezi sita iliyopita. Kisha kila mmoja aandike kwenye karatasi bei ambayo yeye angeinunua yote, na mama mwenyewe aandike bei ambayo angekubali kuiuza. Linganisheni karatasi. Bei zikiwa mbali sana, mtajua ni kitabu gani cha hesabu kinapaswa kuanza kuandikwa kesho.