Neno Moja Lililozama Ndani ya Taarabu

Majuma machache yaliyopita jirani yangu alinialika nitazame video ya nikaha ya bintiye, kazi ya kijana mmoja aliyeanza karibuni ufundi wa kuhariri. Picha zilipendeza, rangi zimekolezwa kwa ustadi, wala sikuona la kulaumu, hata walii alipoushika mkono wa bwana harusi, na badala ya sauti zao tukasikia fidla na ganuni zikivuma juu ya ijabu na kabuli. Midomo ya bwana harusi ikatikisika, na lile “nimekubali”, ambalo ndilo lililoifanya hafla ile kuwa ndoa wala si karamu tu, halikusikilikana. Mama wa bibi harusi, ambaye kwa desturi hakuwapo msikitini, akauliza: “Ndiyo keshajibu?”

Kosa hilo ni la takriban kila mwanafunzi, na sababu yake, kwa rai yangu, ni kwamba mhariri amekwisha kuyasikia maneno yale mara thelathini mezani pake, hata sikio lake likawa linajazia lenyewe lisilosikika, hali mtazamaji hupata mara moja tu.

Na aanze basi na usemi peke yake, muziki umezimwa, vilele vyake vifike kiasi cha desibeli 12 chini ya sifuri, maadamu katika sauti ya dijitali sifuri ndiyo dari, na mawimbi yakiigonga hukatwa vichwa, sauti ikaparuza isipone tena. Ndipo aupandishe muziki polepole kutoka chini, na aghalabu atauona umetosha ungali desibeli 15 au 20 chini ya usemi. Fauka ya hayo, konsonanti zinazotupambanulia maneno hutegemea sana masafa ya baina ya hezi 2,000 na 4,000, ambako fidla nayo hulia kwa nguvu, kwa hiyo muziki ukipunguzwa kidogo mahali hapo maneno hupata njia. (Na simu inayorekodi, ikiwekwa mkekani kando ya walii, hushinda kamera iliyo hatua kumi nyuma, chini ya feni.)

Wapo wasemao kuwa wateja wenyewe ndio wapendao taarabu. Naam, na wapewe tele, bibi harusi aingiapo ukumbini.

Jirani aliirudisha kazi ile itengenezwe upya, lakini rekodi za awali zilikuwa zimekwisha kufutwa katika kadi, ili ipatikane nafasi ya harusi ya Jumamosi iliyofuata.