WENYE BAISKELI, SIMAMENI NJIA PANDA

Ndugu wanaushirika,

Tunasema bila kuficha. Ile alama nyekundu pale tunapoingia barabara ya lami si pambo. Wenye baiskeli wanaipita kama hawaioni. Ukiwauliza: "Aa, hiyo ya magari." Nani kawaambia? Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamgusa na mwenye baiskeli.

Kijana mmoja katujibu eti kule Marekani, jimbo la Idaho, tangu 1982 baiskeli hazilazimiki kusimama kwenye alama hiyo. Ni kweli, ila kashika nusu ya habari. Kule ni lazima upunguze mwendo, utazame, na mwenye haki ya njia apite kwanza. Sisi je? Tunateremka mlima na gunia la mahindi nyuma, breki ni kandambili! Utapunguza nini hapo?

Juzi bibi mmoja kaangushwa na ndoo yake ya maji, mpaka leo hatembei. Aliyemgonga ni mwanachama mwenzetu, wala pole hajampa. Na sisi wa kamati tusijitoe, tukichelewa mkutano tunapita vilevile.

Jumamosi saa 2 asubuhi baiskeli zote ziletwe ghalani zikaguliwe. Isiyo na breki haitapakiwa gunia la ushirika.

Katibu