Maoni Yetu Yajibiwe

Wazee wetu walikutana chini ya mti kuamua mambo yao. Aliyesema alisikilizwa, na kabla jua halijachwa alijua kama neno lake limekubaliwa au limekataliwa. Leo tu wengi mno, wala hakuna mti wenye kivuli cha kututosha sote. Kwa hiyo husemwa kwamba simu na intaneti ndizo baraza letu jipya. Nakubali, lakini nina sharti moja.

Likizo iliyopita nilimsomea babu yangu, kwa simu ya mjomba, tangazo la ofisi moja ya umma lililoomba maoni ya wakulima. Lilikuwa la Kiingereza kigumu, hata mimi wa Kidato cha Nne nilikwama mara nyingi. Babu alisikiliza kwa subira, akatoa maoni yake, nami nikayapeleka kwa barua pepe. Hatujajibiwa mpaka leo. Babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, mtu akisema asijibiwe, ameshiriki au amejisemea tu?" Nilinyamaza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 118, inaliagiza Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Mwaka 2024 tuliona jinsi mitandao inavyoweza kusaidia. Vijana waliueleza Mswada wa Fedha kwa lugha nyepesi, hata watu wasiojali habari za kodi wakaufahamu. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha, watu wakaandamana, na wengine wakapoteza maisha. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Naamini kusikilizana mapema ni bora kuliko kusikilizana baada ya mazishi.

Basi yafaa mambo matatu yafanywe. Kwanza, kila mswada uwe na muhtasari wa Kiswahili, ambacho kwa kifungu cha 7 ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Pili, mwenye simu ndogo ya vitufe aweze kutoa maoni kwa ujumbe mfupi bila malipo, na asiye na simu asemee barazani kwa chifu, maneno yake yaandikwe pamoja na ya wengine. Tatu, na hili ndilo sharti langu, majibu yatangazwe: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani.

Wengine watasema maoni ni mengi mno, nani atayajibu? Nami nasema, mashine iwezayo kukusanya maoni elfu yaweza pia kuyapanga yanayofanana pamoja, na jibu moja likatosha watu wengi.

Wenzangu, punde tutatimiza miaka 18 na kuitwa wapiga kura. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tusikubali kuulizwa tu. Tudai na kujibiwa.