Koki ya bia ikivuja, ifungue kwanza

Wadau, kuna tabia inanikera: kitu kikileta hitilafu kidogo tu, tunakimbilia dukani. Chukua koki ya bia ya nyumbani. Marekani, ambako Jimmy Carter alisaini mwaka 1978 sheria iliyowaondolea kodi wanaojitengenezea bia, wengi huweka pipa kwenye friji na koki mlangoni. Ikianza kudondosha, ushauri ni uleule: nunua mpya.

Mimi nabisha. Koki za kawaida kizibo chake kiko kwa nyuma, kwa hiyo ukishamimina, mdomo wake unabaki na hewa. Mabaki ya bia yanakauka, yananata, kizibo hakikai sawasawa. Mara nyingi tatizo ni huo uchafu, au mpira uliochakaa.

Funga gesi, chomoa mrija wa bia kwenye pipa, vuta koki presha itoke. Kisha ing'oe kwa spana, ifungue, sugua vipande kwa maji ya moto, badilisha mpira. Basi.

Mpira ni bei ya chee, koki nzima siyo. Sasa usomi gani huu unaoogopa spana? Mnasemaje?